Wimbo wa Kesho Kuja

Jumanne mlinijia hapa nyumbani, wanne, mkiwa na karatasi za safari yenu ya Ulaya, mkataka nitie sahihi kama mwalimu aliyewafunza ngoma. Nikavaa miwani nikasoma. Ule wimbo wa matanga niliowafundisha miezi miwili mizima umeandikwa humo kuwa ni "ngoma ya furaha ya kijijini". Nikauliza ni nani aliyeandika uongo huu. Chebet, kiongozi wenu, akacheka.

"Ai, mzee, hiyo ni description tu. Organizer ndiye aliandika. Hakuna mtu husoma hizo vitu."

Sikutia sahihi. Mliondoka mmenuna, na mmoja wenu nilimsikia langoni akisema mzee siku hizi amekuwa na hasira za bure. Za bure? Hasira hizi nimekuwa nazo tangu nikiwa na miaka ishirini na mmoja. Nimeamua kuwaandikia zilikotoka, kwa sababu nikisema kwa mdomo nitagombana na nyinyi kabla sijafika katikati.

Miaka ile ya hamsini, hali ya hatari ikiwa bado haijaondolewa, nilikuwa mkamuaji ng'ombe katika shamba la mzungu mmoja juu ya Molo. Baba alikwisha kufa. Mama yangu alichuma pareto katika shamba hilohilo, na tuliishi kambini pamoja na Wamaragoli wenzetu na watu wa makabila mengine. Jioni tulipiga isukuti, ngoma zetu za kubeba kwapani, ambazo huwa tatu: baba, mama na mtoto. Aliyenifunza ni marehemu Lumwaji. Alikuwa hana meno ya mbele, na ukikosea pigo alikutemea mate miguuni. Nyinyi nikiwasahihisha kidogo tu mnasema nawaaibisha mbele ya watu. Lumwaji angewamaliza mate.

Mke wa mwenye shamba, Memsahib, alipenda kutusikiliza. Akachagua watu kumi, akatufundisha kusimama kwa mstari, na mwaka mmoja akatupeleka Uingereza. Tungezunguka miji midogo, tukiimba katika kumbi za makanisa na shule, na kulala katika nyumba za watu waliojitolea kutupokea. Mimi nilikuwa mpigaji na mkalimani, kwa kuwa nilikuwa nimesoma misheni na Kiingereza changu kilikuwa kinatembea, ingawa kwa kuchechemea.

Nilinunua viatu Nakuru kwa ajili ya safari hiyo. Vyeusi, vya kamba. Siku ya kwanza ya maonyesho Memsahib akaviona miguuni mwangu, akasema, "Jona, toa viatu. Watu hapana kuja kuangalia viatu." Tukacheza peku juu ya mbao baridi, mwezi ambao hata mbwa wao hawakutaka kutoka nje. Tukavishwa ngozi za mbuzi. Mimi nilikuwa sijawahi kuvaa ngozi ya mbuzi maishani mwangu, wala baba yangu. Yeye alizikwa na koti. Ngozi zile zilikuwa mazulia ya sebuleni kwa Memsahib. Moja niliitambua, mbwa wake alikuwa akiilalia. Nikaivaa, nikatabasamu, nikapiga ngoma, na hadi leo nikikumbuka najisikia kuwashwa mabegani.

Sasa shikeni jambo la kazi hapa, maana mnakwenda kwenye baridi hiyohiyo. Ngozi ya kenge tunayowambia ngoma hulegea kwa unyevu. Ngoma inayopaswa kulia *tii* italia *buu*, kama mtu aliyeziba pua. Dawa yake ni moto, lakini moto wa mbali. Unaishika ngoma, unaizungusha, unapima joto kwa kiganja, na huondoki hapo hata ukiitwa na mama yako. Ukihisi kiganja kinataka kukimbia, ngozi nayo inataka kupasuka. Lumwaji aliniambia hivyo mara mia, na bado niliharibu, kama mtakavyoona.

Kabla ya hapo niwaeleze huo wimbo, kwa sababu ndio uliotufikisha pabaya.

Kambini kwetu kulikuwa na mjane aliyechuma pareto na mama yangu. Jina lake alilopewa kanisani lilikuwa Rosa, lakini hakuna aliyemwita hivyo. Tulimwita Mama Kageha, kwa jina la bintiye. Kageha alishikwa na surua akiwa hajatimiza miaka miwili. Ugonjwa ukaisha ukamwacha mifupa, hali uji wala ugali. Mama yake akaenda mlango wa jikoni kwa Memsahib kuomba maziwa, kikombe kimoja. Mimi nilikuwa pale, nimeleta krimu. Kwa shamba lile krimu ilitenganishwa kwa mashine ikapelekwa kiwandani, na maziwa yaliyobaki, madebe kwa madebe, yalimwagiwa nguruwe. Wakamuaji tulipewa kibaba. Wachumaji pareto hawakupewa.

Memsahib hakumtukana. Alisema tu, bila kuinua macho kutoka kwa barua aliyokuwa akisoma, "Leo maziwa kwisha peleka kwa nguruwe. Kesho kuja."

Kesho yake Mama Kageha akaenda. Akaambiwa, "Kesho kuja." Mimi kibaba changu nilimpa siku hizo mbili, lakini nusu, maana na mama yangu alikuwa anakohoa. Nusu. Siku ya tatu hakwenda tena, kwa kuwa hakukuwa na wa kumpelekea.

Kwetu anayeomboleza haketi pembeni akajifuta kwa leso. Tunapiga isukuti, tunaruka, tunakimbia na huzuni mpaka ichoke yenyewe. Mgeni akipita atafikiri ni harusi. Katika matanga yale Mama Kageha alianzisha wimbo wake mwenyewe, na aliutunga kwa Kiswahili ili kambi nzima iitikie. Alitaja ng'ombe mmoja mmoja kwa jina, akamuuliza maziwa yake yamekwenda wapi, na sisi tukaitikia, "Kesho kuja, kesho kuja." Tukaurukia usiku kucha.

Baada ya miezi kadhaa Memsahib akausikia Jumapili moja. Akaupenda! Akapiga makofi, akauliza maana yake, na mnyapara akiwa na woga akamwambia ni wimbo wa kukaribisha wageni, waje na kesho. Mwanamke yule akaimba kiitikio pamoja nasi, kwa sauti yake nyembamba, "Kesho kuja, kesho kuja," akicheka. Maneno yake mwenyewe! Hakuyatambua. Watu wengine kambini walisema anatukejeli. Mimi nilimtazama usoni na najua hakuwa anakejeli. Alikuwa amesahau. Angekuwa anakejeli ningemchukia tu kama mtu mbaya. Kule kusahau ndiko kulikonichoma, kwamba mtoto wa mtu anaweza kutoka duniani kwa neno lako na wewe usikumbuke ulilisema.

Basi wimbo huo ukawekwa wa mwisho katika maonyesho. Kwenye karatasi waliyogawiwa watazamaji uliandikwa: wimbo wa furaha wa kukaribisha wageni, kutoka kwa wakamuaji wa Molo.

Mnaweza kuuliza kwa nini Mama Kageha alikubali kwenda. Nilimwuliza hilo melini. Akaniambia, "Nataka huyo mama aimbe maneno yake mbele ya watu wa kwao. Lakini mimi sina Kizungu. Wewe unacho. Tukifika, utawaambia wimbo unasema nini."

Nikasema, "Nitawaambia, mama."

"Apa."

Nikaapa. Baharini kuapa ni rahisi, shamba liko mbali.

Katika mji wa mwisho mimi na Mama Kageha tulipewa nyumba moja, kwa kuwa wenyeji waliandikiwa kwamba sisi ni mama na mwanawe. Mwenye nyumba tulimwita Mama Edna, kwa jina la bintiye, na alipoelezwa sababu alifurahi, akaanza kujiita hivyo mwenyewe. Mumewe alifanya kazi ya reli na hakusema sana. Siku ya kwanza Mama Edna alinionyesha barua, uso umemwiva kwa aibu. Memsahib aliwaandikia wenyeji wetu wote. Wageni hawa, barua ilisema, wamezoea kulala chini, basi msijisumbue na vitanda. Msiwape uma. Msishangae wakichukua vitu, hawajui tofauti.

Nilisoma barua ile mara mbili, nimesimama kwenye zulia la watu na soksi zangu. Mama yangu alinipiga nikiwa na miaka sita kwa kuokota parachichi la jirani lililoanguka upande wetu! Mama Edna akaichana barua akaitia motoni, akatupeleka juu kutuonyesha vitanda. Alikuwa mtu mwema, nawaambia msije mkafikiri nachukia watu wote wa huko. Lakini wema wake nao ulitupata pale pabaya.

Asubuhi, kwa desturi yao, mtu wa maziwa alipita akaacha chupa mlangoni pa kila nyumba. Zilikaa hapo nje peke yazo, zimejaa, barabara nzima, na hakuna mtu aliyezigusa. Mama Kageha alisimama dirishani akizitazama. Akaniuliza, "Za kila nyumba?"

"Za kila nyumba, mama."

"Na wenye watoto?"

"Watoto wanapewa tena shuleni."

Mezani Mama Edna akamwekea gilasi ya maziwa, imejaa mpaka ukingoni. Mama Kageha alikuwa hajaonja maziwa tangu siku ile ya tatu. Akaisukuma gilasi taratibu. Kesho yake ikaja tena, na kesho kutwa yake, na kila siku Mama Edna akazidi kusononeka. Mwishowe akaniuliza kama wamemkosea. Huo ulikuwa wakati wangu, mlango uko wazi kabisa. Nikamwambia anaumwa tumbo.

Siku iliyofuata nikaweka ngoma mtoto karibu na moto wa makaa sebuleni, nikaitwa chai jikoni, nikaenda. Ndiyo, nilikwenda. Nikasikia mlio, pah, kisha harufu ya kenge wa kuchoma ikajaa nyumba. Mama Edna akatoka mbio na kitambaa cha vyombo, akidhani ni chakula chake. Ngozi ilikuwa imepasuka kutoka ukingo hadi ukingo. Kenge ungempata wapi Uingereza? Mume wa Mama Edna aliigeuzageuza ile ngoma, akajaribu kuibana kwa ngozi ya mkoba wa kale, ikalia kama ndoo. Tukabaki na mbili.

Mama Kageha aliitazama, akasema kwa Kiswahili, "Hata huku, wa kwanza kwenda ni mtoto."

"Amesema nini?" Mama Edna akauliza.

Nikasema, "Anasema pole kwa harufu."

Mama Kageha hakuelewa nilichosema, lakini aliona ni kifupi mno. Akaniangalia. "Jona, umewaambia?"

"Bado, mama. Nangojea nafasi nzuri."

"Lini?"

Na mimi, bila kufikiri, kinywa changu hiki kikamjibu, "Kesho."

Nililisikia neno likishatoka. Yeye alilisikia kabla yangu. Akainuka akaenda jikoni kumsaidia Mama Edna vyombo, na tangu hapo hakuniuliza tena.

Maonyesho ya mwisho yalikuwa Jumamosi alasiri katika ukumbi wa mji, watu wamejaa hadi ngazini. Kabla ya kuanza Memsahib aliniita pembeni. Mama Edna, katika wema wake, alikuwa amemwuliza kama kuna jambo linalomsumbua Rosa kuhusu maziwa. Memsahib hakupandisha sauti. Alinirekebishia ngozi begani kama mama anavyomrekebishia mtoto kola.

"Jona, mama yako iko shamba yangu, ndio?"

"Ndio, Memsahib."

"Mzee sana. Kazi yake kidogo tu. Mimi nawacha yeye kaa, kwa sababu wewe kijana mzuri. Leo wakiuliza, sema maneno mzuri."

Haya, niambieni nyinyi mnaojua kila kitu. Kambini nyumba si yako. Ukiondolewa shambani unaondoka na sufuria na blanketi, na miaka ile huwezi kutembea barabarani bila barua ya tajiri. Nilijipa moyo kwa methali, mwenye nguvu mpishe. Methali ni nyingi sana kwa mtu anayetafuta kujificha.

Tukafika wimbo wa mwisho. Mwenyekiti wa shughuli, bwana mmoja mwenye ndevu nyeupe, akapanda jukwaani kwa heshima kabisa, akasema angependa kusikia maana ya wimbo huu kutoka kwa waimbaji wenyewe. Wenyewe! Miji yote tuliyopita hakuna aliyewahi kuuliza hivyo. Memsahib alikuwa safu ya mbele, mikono mapajani. Mama Edna safu ya tatu. Mama Kageha alikuwa kando yangu, na nilimsikia akivuta pumzi, ile ya mtu anayetua mzigo.

Nikafungua mdomo, nikasema, "It is a song to welcome visitors. We are very happy."

Wakapiga makofi. Mama Kageha hakujua Kiingereza, ila *happy*, yaani furaha, alilijua, maana ndilo neno Memsahib alilotupigia kelele kila jioni kutoka pembeni mwa jukwaa. Akanitazama, mara moja tu. Nimetazamwa na watu wengi wenye hasira katika maisha ya kazi, walimu wa ngoma tunatazamwa vibaya sana, lakini macho yale sijayaona tena na siyataki. Kisha akaweka kiganja chake juu ya ngozi ya ngoma yangu, nisipige. Akapiga hatua mbele mpaka ukingoni mwa jukwaa, peku, na ile ngozi ya mbuzi, akamtazama Memsahib.

"Milk, no," akasema. "Baby, finish."

Akanyoosha mikono kama anayepakata mtoto, akaifungua, ikawa mitupu. Halafu akaimba. Bila ngoma, bila kuruka, sisi wenzake tumesimama kama vigingi, hakuna hata mmoja wetu aliyeitikia. Akajiitikia mwenyewe. "Kesho kuja, kesho kuja."

Baadaye ndipo nilipojua kwamba maneno yale manne alijifunza jikoni. Alimwonyesha Mama Edna maziwa ndani ya chupa, akaambiwa *milk*. Akamwonyesha picha ya Edna alipokuwa mchanga, akaambiwa *baby*. *Finish* ni neno Mama Edna alilolisema kila sahani ilipoisha. Alijifunza mwenyewe kwa siku mbili, alipoona kwamba mimi na miaka yangu saba ya misheni sitafika popote.

Hawakupiga makofi. Mama Edna aliziba mdomo kwa mikono miwili. Na Memsahib, hapo sasa nikaona uso ukibadilika, kwanza kama mtu anayetafuta jina la mtu, halafu akalipata. Alikumbuka. Nawaapia, alikumbuka. Na alipokwisha kukumbuka, akasimama, akawageukia watu akitabasamu, akaanza kupiga makofi ya juu, haraka haraka, mpaka ukumbi mzima ukamfuata.

Ndiyo maana ninakasirika, vijana. Tabasamu lile na makofi yale ndiyo yaliyomo kwenye karatasi yenu mnayosema ni maelezo tu. Msiniambie hakuna anayesoma. Aliyeandika anajua kwa nini aliandika. Mimi nimefundisha ngoma mji huu wa Nakuru tangu nilipotoka Molo, nimefundisha wazazi wa baadhi yenu, na kila kikundi kilichotoka mikononi mwangu kilijifunza kusema maana ya wimbo kabla ya kujifunza pigo la kwanza. Nyinyi niliwapa maana. Mkaiacha langoni kwa sababu huyo organizer wenu hakuipenda.

Melini wakati wa kurudi Mama Kageha hakunisemesha. Hakunitukana pia, aliniomba chumvi mezani kama anavyoombwa mtu yeyote. Tulipofika shambani hatukupewa hata siku ya kufua nguo. Karani alikuwa na majina mawili kwenye karatasi, lake na langu. Yeye nilitarajia. Nilipomwambia karani kwamba mimi sikusema neno, kwamba nilisema vilevile nilivyoagizwa, akainua mabega.

"Memsahib amesema hataki kuona sura yenu hapa, wote wawili. Na mama yako pia, toa yeye."

Tukapandishwa lori la viazi, mimi, Mama Kageha na mama yangu, ambaye alikuwa ameishi pale miaka kumi na minane. Aliketi juu ya gunia, sufuria mapajani, akikohoa. Lori likateremka hadi karibu na Njoro. Ndipo mama akaniuliza.

"Jona, ulisema nini huko Ulaya hata tufukuzwe?"

"Sikusema kitu, mama."

Mama Kageha alikuwa anatazama barabara. Mama yangu akamwangalia yeye, akaniangalia mimi, akafunga shuka yake vizuri.

"Basi afadhali ungesema," akasema.